Mashine ya Waffle Iko Kabatini Ofisini

Shangazi mpenzi,

Nakuomba neno hili lisitoke kinywani mwako, hata kwa Baba.

Sote wazima. Waffle za Jumapili huwa ni kazi yangu, lakini Jumapili iliyopita mke wa kaka alitengeneza zake za karoti na tangawizi. Mama, ambaye zangu huziacha nusu, aliramba sahani. "Mwanangu, hebu jifunze kwa wifi yako!"

Niliona wivu. Kesho yake nikaibeba mashine, nikaificha kabatini ofisini. Sasa Mama anamshuku wifi kuwa kaipeleka kwao, kaka hasemi naye, na jana nilimkuta wifi akifunga nguo zake. Nataka kuirudisha, ila naogopa kuonekana nayo mlangoni.

Nishauri upesi. Piga simu ya ofisini, mchana. Ya nyumbani hupokea wifi, naye atakusimulia ninavyomfariji.

Bintiyo,
Karani