Hukuanguka, Dada

Dada Elinipa,

Ni mimi mdogo wako, karani wa usharika. Tumekuzika Jumanne kwenye migomba ya baba, hapa Akheri. Homa ya mapafu haikukupa hata wiki. Kengele haikupigwa, maana wazee wa kanisa walisema ulikuwa bado umetengwa. Mvua ilinyesha, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia.

Nina jambo ambalo ulipokuwa hai sikuthubutu kulisema.

Miaka sita iliyopita ulisimama mbele ya wazee ukaeleza kwa Kimeru kwamba ulipeleka kahawa ya baba ghalani Tengeru, mpimaji akakuambia uingie ndani uone mizani, akafunga mlango, akakuangusha sakafuni, akakubaka. Ulisema yote bila kulia. Mzee mmoja akauliza, "Ulikwenda peke yako kutafuta nini?" Mwingine akauliza ulikuwa umevaaje. Mpimaji hakuitwa. Nami nilikuwa nimeketi na kitabu cha usharika, nacho huandikwa kwa Kiswahili, basi maneno yako yote nikayatia katika neno moja: ameanguka. Ndilo tuliloandika kwa kila msichana aliyeletwa pale. Mkono ulishalizoea.

Nilipokusomea ulisema, "Sijaanguka. Nimeangushwa." Nikakujibu kwamba maana ni ile ile. Mimi, niliyejidai najua Kiswahili kuliko mlima mzima! Ukatakiwa kutubu mbele ya watu ndipo urudi mezani pa Bwana, ukakataa. Kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hatukwenda. Baba hakutaka aibu ifike mjini Arusha. Mpimaji aliendelea kupima, na meza ya Bwana alishiriki kama kawaida.

Nimejilaumu pia kwamba zamu ya kupeleka kahawa siku ile ilikuwa yangu. Siku hizi hata hilo nimeliacha. Ningekwenda mimi, angemfungia mlango msichana mwingine. Kosa ni la aliyefunga. Langu ni la kalamu, nalo linanitosha.

Jana kwenye kikao nilifungua kitabu, nikakata k, nikaandika shw, nikatia sahihi pembeni, nikawasomea wazee kwa sauti. Nikamtaja na aliyekuangusha. Wakasema nimefiwa, nikapumzike. Leo asubuhi wamechukua ufunguo wa kabati. Ukarani umekwisha, na sijui kama mstari wako utaachwa ulivyo. Nina uchungu, dada, na naona haya kwamba nimechelewa hivi.

Mchana amekuja mke wa mzee yule aliyekuuliza ulikwenda kutafuta nini. Alisimama uani, hakutaka kukaa. "Nimesikia ulichosoma," alisema. "Na mimi pia. Ghala lile lile, mwaka mmoja kabla ya dada yako." Hakumwambia mumewe. Alijua swali atakaloulizwa.

Mwaka mzima kabla yako, Elinipa. Kama tungekuwa watu wa kuambiwa, wewe usingefungiwa mlango.

Atakuja tena kesho, na mke wangu atakaa naye. Nitaandika kwa Kimeru, kama atakavyotamka mwenyewe, na hatasomewa mtu mpaka yeye aseme. Hilo nakuahidi. Akitaka kufika kwa Bwana Shauri, nitashuka naye Arusha kwa miguu yangu.

Kwaheri, dada yangu. Wewe sikushuka nawe.

Mdogo wako