Chupa ya Oili Mpya

Jumanne.

Leo nimemwambia ukweli Aneth, rubani wetu. Mwezi uliopita nilimwaga oili ya injini ya ndege yake nikasahau kubakiza ya kupeleka kupimwa kama chuma kinasagika ndani. Nikajaza chupa ya kipimo kwa oili mpya ya kwenye kopo. Majibu yakarudi safi, naye akaendelea kurusha watalii kuzunguka mlima, akiniamini.

Akasema, "Baba Neema, mimi nina watoto."

Akafuta safari ya kesho. Tukawasha injini ipate moto, tukakinga oili upya, chupa kashika yeye mwenyewe. Nilipofungua, oili ikanimwagikia mkononi.

"Pole, imekuunguza?"

Majibu bado. Mimi ndiye nimemweka hatarini, na yeye ananiuliza kama nimeungua.