Farasi Aliyelala Chini

Mujukuu wangu Aziza,

Pokea salamu zetu za Kisangani. Tuko wazima. Tonton wako, mjomba wako yule, amepona, ameanza tena kubeba watu kwa baiskeli yake ya toleka.

Unauliza kama farasi uliyemuona amelala chini huko Lubumbashi iko mugonjwa. Hapana, mama. Nikiwa kijana kule Yangambi, nilikuta mumoja amejinyoosha kwenye majani, nikapiga kelele: "Amekufa!"

Papa yangu, aliyewachunga farasi wale, akacheka. "Acha alale. Akiwa peke yake anasinzia wima tu. Leo mwenzake anamulinda."

Kweli, mwingine alikuwa amesimama karibu, masikio juu, ananitazama.

Tangu uende, nami nilikuwa nasinzia tu. Sasa umeandika kwamba umepata rafiki wa kukaa naye. Bon, jana nimelala fofofo.

Koko wako