Nani Kamfunga Ilham Mdomo

Jang'ombe,
Unguja.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nadir,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako imefika, na marahaba. Natumai wewe na mkeo Salhiya hamjambo, na lile goti lako limepoa kidogo. Sisi alhamdulillahi. Wanao wanakula na kulala vizuri, Mudrik kajaa mashavu. Mimi tu ndiye presha imepanda, na aliyeipandisha ni wewe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Karatasi hutaweza kuikatiza. Anakuja nayo jirani yetu Miraji, anarudi Maskati kazini.

Umenitumia ujumbe wa sauti, tena mrefu, kwamba nawafunza wanao utovu wa adabu, na kwamba Januari wahamie chekechea ya Tahiya, Kiembe Samaki. Hukuniuliza kilichotokea. Tahiya, binti wa ami yetu, kakulilia, nawe umemeza bila kutafuna.

Umesahau Ilham alikuwaje mlipomwacha kwangu? Katoka chekechea ya watoto waliobanana, herufi moja haijui, akiona kitabu analia. Nyinyi ndio mlioniomba nimsomeshe nyumbani. Nikaanzia jikoni, tukikata vileja kwa umbo la herufi, na Mudrik akila M yake kabla haijapoa. Tukaloweka ukindu wa kusukia mikeka, tukautia rangi, wakasuka ukili na kuukunja ukawa herufi, tukazishona kwenye gunia. Kisha nikamsomesha majina ya kanga zangu kwenye kamba ya kuanikia, maana hakuna kitabu chenye herufi kubwa kama kanga. Siku aliposoma moja mpaka mwisho peke yake nililia, sikufichi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita wanawake walikusanyika ukumbini kwangu kuchagua mchele wa harusi ya Ummkulthum, binti wa jirani. Tahiya akaja kajitanda kanga mpya, akakaa akanipa mgongo makusudi ili niisome. Sote tuliisoma, tukanyamaza. Ndiyo desturi yetu: kanga ya kijembe husomwa kwa macho, na aliyelengwa hujifanya hakuona. Nikainamia sinia langu la mchele.

Lakini mtoto wa miaka sita atalijulia wapi hilo? Ilham akasimama nyuma yake, akafuata herufi kwa kidole, akasoma kwa sauti ya kujigamba: "Kulea si kuzaa." Kisha akasema, "Bi Tahiya, nshaisoma kanga yako! Ati maana yake nini?"

Mmoja akacheka, ukumbi mzima ukafuata. Tahiya akatoka na viatu mkononi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nadir, unajua kuwa sikujaaliwa mtoto. Unajua nilivyolia, na marehemu mama yetu alivyolia pamoja nami. Mtu mzima kaja nyumbani kwangu kunisimanga kwa hilo, na mtoto kasoma tu kilichoandikwa. Wewe ukamkaripia mtoto! Ukamwita kwenye simu ukamwambia asisome tena vitu vya watu. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikakusikia.

Tangu siku hiyo hasomi. Si kanga, si mfuko wa sukari, si kitabu chake mwenyewe. Juzi Darajani Mudrik alimwuliza kibao cha duka kimeandikwa nini. Akamjibu, "Baba kakataza." Nimechukia, ndugu yangu.

Wanao ni wako. Ukisema Januari waende kwa Tahiya, nitawapigia pasi sare na kuwapeleka mwenyewe. Lakini mdomo wa Ilham umeufunga wewe, na mimi nimejaribu kuufungua nimeshindwa. Piga simu, umwombe akusomee, na usikilize mpaka amalize.

Nisalimie Salhiya na kaka yake Talib. Jirani yetu Bi Mwanakheir anakusalimu. Vileja vyako vimo katika mzigo wa Miraji, ingawa hukuvistahili. Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie riziki ya halali, na akupe sikio la kusikilizia upande wa pili.

Barua zote zilizopita Ilham alikuwa akikuandikia salamu zake mwenyewe hapa chini. Leo kaikataa kalamu. Pahala pake nimepaacha wazi.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,

Mwatum