Chumvi Isigande

Jumanne, 10 Juni 2025
Upepo umetulia baada ya kufanya yake. Jana mtumbwi wa Levy ulipinduka karibu na kisiwa cha Kilwa, humu ziwani. Wenzake wawili waliogelea wakapona, yeye hajaonekana. Levy — mume wa Nkandu! Nkandu wangu, anayeniletea ndoo za matumbo ya samaki kila asubuhi kutoka soko la Kashikishi na kunitania kwamba nimeolewa na mashine yetu ya umeme. Nimelia kazini, nyuma ya tangi tunamoozesha matumbo yatoe gesi. Halafu nikanawa uso, nikaenda kupima gesi.

Jumatano, 11 Juni
Hakuna wavu majini. Desturi ya hapa: mtu akizama, hakuna anayevua mpaka mwili upatikane. Mitumbwi inatoka kumtafuta tu. Basi hakuna samaki, hakuna matumbo, na tangi letu litaacha kutoa gesi. Félix, injinia wetu, alifikiria kila kitu — chujio la sumu, mitungi ya gesi ya akiba, hata miezi ya kufungwa uvuvi. Msiba hakuufikiria. Wala mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Mitungi imekwisha. Mashine iko digrii 590, na kawaida yetu ni 650. Chumvi ndani ya seli, vile visahani vinavyogeuza gesi kuwa umeme, lazima ibaki imeyeyuka, la sivyo hakuna umeme. Ikikaribia 490 inaganda, seli zinapasuka, na hatuna nyingine. Jumatatu wenye kiwanda cha barafu wanakuja kusaini kununua umeme wetu. Wakikuta mashine baridi, Félix atarudi zake Lubumbashi. Mimi nitarudi kambi ya wakimbizi kulima mihogo.
Naomba Mungu Levy apatikane. Lakini naomba kwa ajili ya nani? Najichukia.

Jumamosi, 14 Juni
Félix kaja na wazo lake. "Simone, enda kwa Nkandu. Ye njo mwenye musiba, neno ni yake. Akisema inatosha, mitumbwi inatoka kuvua."
Nikamwambia hana haya. Kisha nikaenda.
Nkandu alikuwa kwenye mkeka, wanawake wa kanisa wakiimba. Nikakaa, akanishika mkono. Sikusema kitu, naapa! Yeye ndiye aliyeuliza:
"Mashini yako inapoa?"
Ningeweza kusema hapana. Nilisema ndiyo.
Akangoja wimbo uishe. Kisha akamwita Sampa, shemeji yake. "Ambia bo bavue kesho, batupe manyavu mu maji. Levy iko mu maji, hatakasirika."
Hakuna aliyeanzisha wimbo mwingine. Wale mama walinitazama, na mimi nikatazama mkeka. Nimerudi moja kwa moja kusoma kipimo.
Digrii 540.

Jumapili, 15 Juni
Walitoka alfajiri, kabla ya misa. Félix anapiga miluzi!

Baadaye. Mitumbwi imerudi yote pamoja, polepole. Hakuna aliyeita bei. Levy alikuwa kwenye wavu wa Sampa, katikati ya samaki. Wamemfunika kwa chitenge. Nkandu aliingia majini mpaka kiunoni, nguo na vyote, na hakuna aliyethubutu kumtoa.
Samaki wa wavu ule hakuna atakayewala. Wazee wanasema wafukiwe. Félix akawaambia atawafukia yeye, hakungoja jibu, akapakia toroli.
"Mutumbwi muzima, Simone! Tukiwasaga sasa, kesho asubuhi iko gaz. Tumepona!"
Nikamwambia wale wamelala na marehemu. Akasema samaki ni samaki. Akasema pia, kwa upole, kwamba kama siyo leo basi hakuna tena mashine. Kweli. Nimesoma mwenyewe — 508.
Toroli liko mbele ya tangi. Mimi nimekaa juu ya kifuniko chake, naandika, maana nisipoandika nitapiga kelele. Félix amevaa glavu zake. Ananiomba nisogee. Ananiomba mara ya pili.
Nkandu amefika getini, chitenge chake kiunoni bado kinachuruzika maji. Hatazami samaki. Ananitazama mimi.
Félix ananishika begani — sisogei.