Tenki la Yamaha ya Baba

Jumamosi, Makole

Sijui nitamwambia nini mama kesho.

Mrisho, mwenzangu kwenye kikundi chetu cha kufufua pikipiki za zamani, alichukua tenki la Yamaha ya marehemu baba akazibe tundu la kutu. Leo kalirudisha na rangi mpya, linang'aa hadi linakera.

"Sapraizi, kaka! Umelipenda?"

Wenzetu wakapiga makofi. Nikasema asante.

Ubavuni rangi ilikuwa imelika kwa magoti ya baba, miaka yote ile ya kwenda na kurudi Kibakwe. Nilimwambia Mrisho azibe tundu tu. Au sikusema...

Mama akija, kabla hata hajakaa, huweka kiganja chake pale palipolika.