Kabla Majibu ya Chuo Hayajatoka

Chumba cha uani,
Jumapili, 8 Machi.

Mpendwa Dada,

Kwanza nijue hali yako. Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama sana dukani? Shemeji na wanangu wa huko hawajambo? Sisi huku ni wazima. Mwanao ameota meno ya juu na anamng'ata kila anayempenda, kwa hiyo mimi nimejaa alama. Baba yake amesafiri na lori, amesema nikusalimu sana. Mama, mguu wake umepungua kuvimba.

Usinicheke mwandiko. Tangu nianze barua hii nimeinuka sijui mara ngapi. Nimesugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa, nimeanua nguo zikiwa mbichi, nikazianika tena. Nikikaa nafikiri, na nikifikiri nainuka.

Dada, ujumbe wako niliupata. Nafasi dukani kwako ipo, chumba kipo, na mtoto atakua na wenzake. Niliusoma nikalia, maana hakuna mwingine ambaye angenifikiria hivyo. Najua unangoja jibu wiki hii kwa sababu msichana wako wa dukani anaolewa.

Ila Alhamisi nilikwenda kwenye usaili wa chuo, ule wa fiziotherapia. Sikukuambia, kwa sababu mara ya mwisho ulicheka ukasema, "Yaani usome miaka yote hiyo uje kukanda watu miguu?"

Si kukanda, dada. Unakumbuka mtoto alivyochelewa kukaa, tukawa tunamwegemeza na mito kama mgonjwa? Yule mama wa mazoezi pale hospitali hakumpa dawa yoyote. Alimlaza kifudifudi kwenye godoro, akaweka kijiko kinachong'aa mbali kidogo na mkono wake, akaniambia, "Usimsogezee. Mwache alie, akifuate." Nusura nimzabe kofi yule mama. Mtoto alilia, akajivuta, akakishika. Tangu hapo sina raha na kazi nyingine yoyote.

Basi, usaili. Maswali niliyajibu. Kisha tukaingizwa chumba cha mazoezi, kila mmoja amsaidie mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Wangu alikuwa mzee mmoja, mwashi mstaafu, amepooza upande wa kushoto. Mimi, kwa uchovu na mazoea ya kulea, nikainama, nikamwambia, "Haya, njoo," nikaizungusha mikono yake shingoni mwangu na kumnyanyua mzima mzima. Kidogo tu nimpakate.

"Wewe mama! Mshushe!" mwalimu akapaza sauti. "Utaumiza shingo yako na bega lake!"

Mzee naye akadakia, "Mwacheni jamani. Mke wangu mwenyewe hajawahi kunibeba."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu akaniambia nikae pembeni, nitarudia wenzangu wote wakimaliza. Nilikaa nimebana mikono mapajani, maziwa yananivujia kwenye blauzi, na kweli kabisa, kichwani nilishaanza kufunga mizigo ya kuja kwako.

Zamu yangu iliporudi, nilimuuliza kwanza.

"Baba, mguu gani una nguvu?"

"Huu wa kulia. Huyu wa kushoto siku hizi ni mgeni, hashiki kazi."

Nikasogeza kiti upande wa kulia. Nikamwambia ajivute hadi ukingoni, akanyage sawasawa, ainame mbele, asukume. Mimi nikaweka mkono mmoja mgongoni pake, basi. Akainuka kidogo, akatetemeka, akarudi kukaa. Mikono iliniwasha, dada. Nilitamani kumdaka kama ninavyomdaka mtoto akiyumba. Sikumdaka. Akajaribu tena, akasimama, akageuka taratibu, akakaa kitini mwenyewe.

"Haya, mama mbebaji," akaniambia huku anahema, "umeona?"

Majibu yatatoka wiki ijayo, na sijui yatakuwaje. Wenzangu wengi ni wasichana waliomaliza shule juzi tu, hawanyonyeshi, hawasinzii wakiwa wamesimama.

Mama amekubali kushinda na mtoto nikiitwa. Nisipoitwa, nitaomba tena mwakani.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, dada yangu. Mpe mwingine nafasi hiyo, yuko anayeihitaji. Nimekuandikia leo makusudi, nikiwa sijajua kitu, ili usije ukadhani nimekukataa kwa kuwa nimepata kwingine. Hata nikikosa, siji. Na usimpigie Mama anishawishi, nimeshazungumza naye. Kasirika ukitaka, una haki. Ukimaliza kukasirika, nipigie, nataka kusikia sauti yako.

Nisalimie Shemeji, wanangu wote, na Shangazi mkipata kuonana. Mungu aubariki mlango wako, ukiufungua asubuhi na ukiufunga jioni.

Mdogo wako akupendaye hata ukininunia,
Kitinda